Vipimo bei nafuu Chanika, anza na zahanati za kule kule

Mkuu, hilo wazo la kufungua maabara nyingine Chanika, pembezoni mwa Dar, ili watu wapime kwa bei nafuu liweke pembeni kwanza, ingia mkataba na zahanati za kule, wao watoe damu, boda alete sampuli kwenye maabara yako ya Kariakoo, majibu yarudi kwa simu ya daktari, mashine yako ikipata sampuli nyingi gharama kwa kila kipimo inashuka. Ila damu ya sukari iwekwe kwenye tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye dawa ya kuzuia sukari isipungue, kwenye ya kawaida ikikaa masaa kadhaa sukari inasoma chini, mtu mwenye kisukari anaambiwa yuko fiti, inauma sana hii! Na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, wasimamizi wa maabara kama yako, nenda ukawaone mapema.