Kirikuu imelala uani, mwenyewe silali

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Uyole. Nanunua viazi Isyonje na Kikondo, nauzia wenye mabanda ya chipsi Kabwe na Mwanjelwa. Nimejinyima miaka sita nikafikisha milioni 6.3, nikachukua mkopo wa SACCOS milioni 4.5, nikanunua kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kwa milioni 10.8. Wiki mbili baadaye nikaona kwenye simu nyingine kama hiyohiyo inauzwa milioni 9.5. Tangu siku hiyo sina amani. Klachi ikasumbua, ikala 320,000. Kaka yangu akaniambia, 'Ungeniuliza kwanza, wanawake mnapigwa kirahisi.' Mama nimemdanganya kwamba nimenunua kwa milioni 9. Saa nane usiku naamka, natoka uani na tochi ya simu kuangalia kama oili inavuja. Nimeweka kipande cha boksi chini ya injini, kina doa moja. Gari lina wiki saba kwangu, nimelitoa mara nne tu. Naogopa kulipandisha mlimani lisije likafa, kwa hiyo viazi bado nafuata kwa gari la kukodi. Nimekuwa mjinga, Shangazi. Nimepigwa? Niliuze? Asiyelala, Uyole."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hapo juu, nimeifupisha, lakini kuna neno moja nililihesabu kabla sijaifupisha. Umejiita mjinga mara saba. Dalali umemtaja mara moja, tena bila kumlaumu. Muuzaji hujamgusa kabisa. Kesi nzima umejifungulia mwenyewe, ukajishitaki, ukajihukumu, na kila saa nane ya usiku unaisikiliza upya kwenye baridi ya Uyole ya mwezi wa saba, umejifunga khanga.

Nianze na swali lako: umepigwa? Nikisoma ulivyoeleza, naona kuna pesa uliyozidisha, na pengine dalali aliweka cha juu. Lakini ile ya milioni 9.5 umeiona wapi? Kwenye picha. Hukuinama chini yake. Hukuisikia ikiwaka asubuhi ya baridi, hukuona matairi yake, hukushika kadi yake. Bei ya kwenye picha ni ya kukuvuta uende. Kwenye magari yaliyokwisha kutumika hakuna "kama hiyohiyo". Moja ilibeba maua ya mjini, nyingine ilibeba matofali, na rangi zao zinafanana.

Wewe yako uliikagua. Umeandika mwenyewe, katikati ya kujitukana, kwamba ulikwenda na fundi, mkaipandisha Mlima Nyoka ikiwa na mzigo, mkaangalia jina kwenye kadi, na umiliki ukahamishwa TRA ndani ya wiki ileile. Mwanangu, wapo watu wenye magari ya bei mara tatu ya hilo ambao kadi bado inasoma jina la mtu wasiyejua anaishi wapi. Mjinga hafanyi uliyoyafanya.

Uliteleza mahali pamoja tu, na nitakuambia kwa sababu nakuheshimu. Dalali alikwambia kuna mtu yuko njiani na hela, ukalipa siku ileile. Ungelala nayo siku mbili, ukauliza bei sehemu tatu. Hilo ni funzo la haraka, unalichukua, unalitia mfukoni kwa ajili ya siku utakayonunua kitu kingine. Halikupi haki ya kujiita jina baya miezi na miezi.

Sasa kwa nini ile tofauti ya milioni 1.3 inakupigia kelele kiasi hicho? Hilo si tatizo lako peke yako. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika kwamba uchungu wa kupoteza fedha humwelemea mtu kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile. Kahneman alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Kwako naona hivi: unachodhani umepoteza unakiona kila ukifumba macho, na ulichopata hukioni kabisa, kwa sababu kimefunikwa turubai uani.

Hebu tukifunue kwa namba zako. Kukodi gari unalipa 40,000 kila safari. Ukienda na la kwako, umesema mafuta yanakula kama 18,000. Hapo kuna 22,000 inabaki mkononi. Unakwenda mara tatu kwa wiki, ni 66,000. Kwa mwezi ni kama 286,000, na rejesho la SACCOS yako ni 280,000. Umeona? Gari likitembea, linajilipia deni lake kwa kukuondolea kukodi tu. Oili, matairi na bima bado sijaviweka, hivyo sikudanganyi kwamba utatajirika mwaka huu. Lakini ile milioni 1.3 inayokunyima usingizi ni kama wiki 20 za kazi. Saba umeshazitumia kulilinda lisifanye kazi. Gari lililolala halikuepushi na hasara. Rejesho unatoa, na la kukodi unalipa.

Nikuambie na langu. Zamani mimi na marehemu mume wangu tulinunua mashine ya kusaga, tukaifunga kijijini kwetu upande wa Igurusi. Nilikuwa na ugonjwa wako. Akija mgeni yeyote mwenye mashine, swali langu la kwanza lilikuwa, "Ninyi mlinunua kwa shilingi ngapi?" Akitaja bei ya chini, siku yangu imeharibika. Akitaja ya juu, napata nafuu mpaka jioni, halafu natafuta mwingine wa kumuuliza. Mkanda ukilia kidogo najua ndiyo imekufa. Na watu wakiniuliza bei yetu, nilikuwa naipunguza.

Siku moja mama mmoja mtu mzima, ametua debe lake la mahindi, ananisubiri nipime, akaniuliza mashine hii mlinunuaje. Sijui kilichonipata. Nikamtajia bei yote, kamili, bila kuongeza "lakini" wala "tulidanganywa". Akaitikia, "Mh, hela nyingi." Kisha akasema, "Zamani tulikuwa tunabeba mpaka barabarani." Akanipa hela yangu, akabeba unga wake, akaondoka. Nilibaki nimesimama pale na vumbi la unga kwenye nyusi. Bei niliyoificha miezi mitano ilikuwa imetoka mdomoni, na mama wa watu aliyeisikia alikuwa anawaza shingo yake tu, kwamba leo haimuumi.

Kwa hiyo nakuuliza kwa upole: kinachokuamsha saa nane ni oili kweli? Oili inayovuja haisubiri usiku. Nadhani kinachokuamsha ni zile milioni 1.8 ulizomficha mama. Umejenga uongo mdogo na sasa una kazi mbili, kulinda gari na kulinda uongo. Kila mtu akikaribia kirikuu yako unaogopa atauliza. Hofu ya kuonekana umepigwa ndiyo nzito kuliko hela yenyewe.

Kaka yako naye. Amesema vibaya, na lile neno la "wanawake mnapigwa" halina ukweli. Wanaume wanapigwa kila siku, ila hawasimulii. Lakini ni kaka yako, usiende kugombana naye. Mwambie, "Kaka, asante kwa kunijali. Gari nimeshanunua. Ninachokuomba sasa unisaidie kupata fundi mwaminifu wa breki." Mpe kazi. Akiipenda kazi, utakuwa umepata msaidizi. Akiikwepa, basi utajua maneno yake yalikuwa na uzito gani.

Tuje kwenye lile boksi. Usilitupe. Kesho mchana, siyo usiku, chukua peni, lizungushie mduara lile doa, uandike tarehe pembeni. Halafu liache mpaka Jumamosi. Jumamosi asubuhi, kabla hujawasha gari, litazame. Doa likiwa ndani ya mduara, unafunga mjadala mpaka Jumamosi nyingine. Likivuka mduara, unampelekea fundi boksi lenyewe mkononi, unamwonyesha. Siku hiyohiyo pima oili, angalia maji, kanyaga breki, tazama matairi, uandike kwenye daftari. Gari linahitaji macho yako mara moja kwa wiki na kabla ya safari. Macho ya saa nane usiku hayaoni kitu.

Ukiamka usiku, na utaamka, hiyo tabia haiondoki kwa siku moja, usitoke nje. Jiambie, hilo nitalishughulikia jioni. Na jioni ulishughulikie kweli: saa kumi na moja, kabla ya kupika, kaa na daftari robo saa, uandike kila kinachokutia hofu kuhusu gari. Pembeni ya kila kimoja andika kitu cha kufanya kesho, au piga mstari kama hakuna. Robo saa ikiisha, unafunika. Ukizoea hivyo, usiku unakuwa na pa kuisogezea hofu. Na kwenye yale makundi ya kuuza magari ya simu yako, jitoe leo. Umeshanunua, huna unachotafuta humo zaidi ya kuumia.

Kisha uendeshe. Hofu ukiikwepa inanenepa, hilo nimeliona kwangu na kwa wengi walioniandikia. Usianze na Kikondo. Wiki hii peleka magunia mawili Kabwe, barabara ya lami, urudi. Rudia kesho yake. Wiki ijayo panda mpaka Isyonje ukiwa na dereva mzoefu pembeni, mtupu kwenda, na mzigo mdogo kurudi. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hofu yako ina punje moja ya kweli: vigari hivi vya Suzuki Carry vina injini ya cc 660, na kule Japani vilitengenezwa kwa mzigo wa kilo 350. Hayo ni magunia matatu ya kilo mia na kidogo juu yake. Tunawaona vijana wakipanga lumbesa mpaka kioo cha nyuma hakionekani, halafu wanashangaa klachi inaungua mlimani. Wewe panga matatu yaliyopimwa. Kama klachi yako ilikufa kwa mzigo wa mwenye gari wa kwanza, haina sababu ya kufa kwa wako.

Kuuza? Siyo sasa. Ukiuza ukiwa na hofu utauza kwa haraka, na haraka ndiyo iliyokugharimu mara ya kwanza. Lipe miezi mitatu ya kazi, uandike kila shilingi inayoingia na kutoka. Mwisho wa miezi mitatu daftari likisema gari linakula kuliko linavyoleta, uza bila aibu, kama mfanyabiashara anavyouza kitu kisichomfaa.

Kuna sehemu ya barua yako sikuiweka hapo juu, ya moyo kwenda mbio, kukosa hamu ya kula, na sketi kukupwaya. Wiki saba za hali hiyo ni nyingi. Usisubiri majaribio yangu yafanye kazi kwanza. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, umwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, pamoja na habari ya kuamka usiku. Hawatakushangaa. Na ikikujia fikra ya kwamba bora usiwepo, usilale nayo hata usiku mmoja. Mwamshe mtu, uende siku hiyohiyo.

Mama umesema anakaa Igawilo. Ni karibu. Jumapili hii toa turubai, mfungie viazi kilo tano, umpelekee kwa gari lako. Usimwambie ukiwa mlangoni. Kaa jikoni, msaidie kumenya, kisha umtajie bei: milioni kumi na laki nane. Utaje yote, halafu uendelee kumenya.

Shangazi