Kabla Hujaandika "Sleti"

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri habari niliandika kwamba chama fulani kimetangaza "sleti ya wagombea". Mhariri akanipigia simu: "Mwanangu, hao wagombea wanaanza darasa la kwanza lini?"

Alikuwa na haki. Sleti kwetu ni ya shule tu: kile kibao cheusi chenye fremu ya mti, mtoto anaandika, anafuta kwa mate (mwalimu asipomwona), anaandika tena. Maana nyingine za "slate" ya Kiingereza hazikuja nayo. Wagombea wana "safu" au "orodha" yao.

Kwa hiyo, ukikutana na "slate" kwenye Kiingereza, tazama kwanza linafanya kazi gani. Likiwa juu ya paa, ni jiwe lenyewe: tope la kale lililogandamizwa ardhini likawa gumu, nalo hupasuka kwa tabaka nyembamba. Huko Wales kaskazini wamelichimba na kuezekea nyumba kwa karne nyingi, na mwaka 2021 UNESCO iliyaweka maeneo ya machimbo hayo kwenye Urithi wa Dunia. Mimi huandika "vigae vya mawe".

Likiwa baa au dukani, ni deni. Wauza pombe wa Uingereza waliandika madeni ya wateja kwenye kibao, ukilipa, kinapanguswa. Hapa usihangaike, kwani Kiswahili kinalo tayari: "Mangi, niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi." Na yule anayetaka kibao kisafi ("clean slate", yaani kuanza upya), mwache afungue ukurasa mpya. Kwetu deni hukaa kwenye daftari.

Kitenzi ndicho kilichonitesa zaidi. Mkutano ukiwa "slated" Jumatatu, umepangwa Jumatatu. Lakini kwenye magazeti ya Uingereza, mchezo wa kuigiza ukiwa "slated" na wahakiki, umepondwa! Mimi niliandika kwamba wahakiki wameupanga, na habari ikatoka hivyohivyo. Sasa huangalia kinachofuata: ni tarehe, au ni watu wenye hasira?

Kwenye filamu ni kibao kinachoonyeshwa mbele ya kamera kabla ya kurekodi, basi, hakuna shida.

Mhariri yule amestaafu. Tukikutana bado ananiuliza wagombea wangu wamefika darasa la ngapi.