Friji na mashine ya kufulia zote zinapiga shoti

Pole sana ndugu. Umesema friji na mashine ya kufulia zote zinakupiga shoti ukizigusa peku, na ukichomoa mashine, friji linatulia. Hapo friji huenda ni zima kabisa. Mashine inavujisha umeme, na kwa kuwa waya wa ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja) umekatika mahali, umeme huo unapita kwenye ethi ya soketi hadi bodi ya friji, yaani bati lake la nje. Una makosa mawili, siyo moja.

Mashine iache imechomolewa. Zima meinswichi, kisha fundi umeme afungue soketi. Mimi niliwahi kukuta waya wa ethi, ule wa kijani na njano, umekunjwa vizuri nyuma ya soketi, haujafungwa popote! Akague pia kiungo cha fimbo ya ethi nje, maana kutu hula pale.

Multimita ikionyesha karibu volti 230 kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na ethi, msiridhike. Waya ulioshikwa na uzi mmoja tu nao husoma hivyo. Kipimo cha mzunguko wa ethi, kinachopima kama njia nzima ya ethi inapitisha umeme vizuri, ndicho kinachosema kweli.

Fundi akitaka kuunganisha ethi na nyutro (waya unaorudisha umeme) ndani ya soketi, mkatalie. Nyutro ikikatika, bodi ya friji inabeba umeme wote, na mtoto akiligusa anaweza kufa. Mwambie pia afunge swichi ya kinga ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja.