Ukiitwa kukaa kwenye kamati ya kilimo ya kaunti, anza na kalenda

Mwaka wa kwanza niliokaa kwenye kamati ya kuishauri kaunti yetu mambo ya kilimo na mifugo sikurudi nyumbani na kitu, na kilichoniangusha si siasa wala ufisadi, ni tarehe tu. Tuliitwa mwezi wa Mei. Tukaketi pale, wakulima upande huu wafugaji upande ule, maafisa mbele na laptopu zao, tukasema kwa uchungu wote tuliokuwa nao kwamba majosho ya kuogeshea ng'ombe dawa yamekufa, kupe wanatumaliza, watu wananunua dawa kwa agroveti wanachanganya kwa kukisia halafu wanashangaa ng'ombe bado anakufa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Afisa wa fedha akasikiliza vizuri sana, akaandika hata, kisha akasema kwa upole, "Wazee, na mama, hiyo pointi ni nzuri, lakini bajeti ilishaenda bungeni." Tukanywa chai tukaenda.

Kumbe hapa Kenya sheria ya fedha za umma ya 2012 imepanga kila kitu na hakuna aliyetuambia. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Ile karatasi ya mkakati wa fedha, inayosema kila idara itapata kama kiasi gani, inafika Februari 28 na bunge lina siku 14 tu kuipitia. Makadirio yenyewe ya bajeti ni Aprili 30, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sasa wewe ukija Mei na josho lako unaomba nini? Unaomba huruma. Na kuna kitu kingine, sheria ya serikali za kaunti inasema pesa ya umma haipangwi nje ya mipango, yaani kama kitu hakimo kwenye ule mpango wa miaka mitano na ule wa mwaka, hata waziri wa kaunti akikupenda namna gani hana pa kukiweka. Kwa hivyo kazi ya mjumbe inaanza Julai na Agosti, wakati wewe unafikiria palizi na hakuna mtu anayekupigia simu kukuita mkutano. Hapo ndipo unaenda mwenyewe ofisini, unaomba rasimu, unauliza kama wadi yenu imo.

Halafu jueni mnaongea na nani, kwa sababu nusu ya muda wetu ilipotea tukililia kaunti mambo ambayo si yake. Mbolea ya ruzuku ni ya serikali kuu. Ilipotoka 3,500 ikashuka hadi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023 haikuwa kaunti iliyoshusha, na ile kashfa ya mbolea feki ya 2024 haikuwa kaunti ingeimaliza. Katiba kwenye ile Ratiba ya Nne, inayogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, imeweka wazi ya kaunti: ukulima na ufugaji wenyewe, masoko ya kuuzia mifugo, vichinjio, kuzuia magonjwa ya mimea na wanyama. Hayo ndiyo ya kuwakaba nayo. Lakini hata kwa mbolea kuna pembe ambayo inahusu kaunti, mimi niliipata siku nilipoacha kulalamikia bei nikahesabu nauli. Mfuko ulikuwa 2,500 sawa, lakini ghala liko mbali, bodaboda na matatu zinakula, unakaa foleni unarudi mikono mitupu unaenda tena kesho, ukijumlisha unakuta ile nafuu imeliwa barabarani. Nikaandika hesabu ya majirani sita kwa karatasi moja, safari ngapi, nauli ngapi, nikaipeleka. Hiyo karatasi ilizungumziwa zaidi ya hotuba zangu zote za mwaka wa kwanza, na msimu uliofuata kaunti ikatoa stoo yake moja huku kwetu ya kushushia mbolea.

Ndiyo maana nasema, usiende pale kusema "wakulima wanaumia", kila mtu anajua. Sema wadi yetu ina majosho manne, moja ndilo linafanya kazi, daktari wa mifugo ni mmoja na pikipiki yake haina mafuta tangu mwezi wa pili. Mtu akiwa na takwimu ni ngumu kumwambia "tutaangalia".

Sasa hii ndiyo sehemu ngumu ambayo nilitaka kuandika tangu mwanzo. Mkulima na mfugaji kwenye meza moja ni kazi, jameni. Mimi nina ekari tatu za mahindi na ng'ombe watano wa maziwa kwa hivyo nilidhani naelewa pande zote mbili, sikuelewa hata kidogo. Mkutano mmoja nilisimama nikasema wafugaji wanaoshuka na mifugo mwezi wa kumi na moja wakati mahindi bado yako shambani wapigwe faini kali. Makofi upande wetu. Upande ule kimya kabisa. Baadaye nje kwenye mti mzee mmoja wa upande ule akaniita, akaniuliza, "Mama, wewe ukikosa mvua unapoteza nini?" Nikamwambia msimu mzima, mzee. Akasema, "Mimi napoteza ng'ombe, na ng'ombe hapandwi tena Machi." Akaniambia hakuna kijana anayependa kuswaga ng'ombe usiku kwenye mashamba ya watu, wanakuja kwa sababu silanga mbili za kule juu, yale mabwawa ya kunyweshea mifugo, zimejaa matope na zinakauka mapema, zamani zilikuwa zinawafikisha hadi wakulima wamevuna, hapo wakishuka wanalisha mabua na wewe unapata samadi bure.

Yaani suluhisho la mahindi yangu lilikuwa silanga la mtu mwingine, kilomita nyingi kutoka kwangu. Mkutano uliofuata nikawa mimi mkulima ndiye ninayependekeza pesa iende kuchimbua matope kule, na yule mzee akapendekeza majosho ya huku chini. Maafisa walishangaa, walikuwa wamezoea tunagombana wanatuacha tuchoke halafu wanapanga wanavyotaka. Kwa hivyo ushauri wangu hapa ni rahisi, kabla ya mkutano tafuteni mahali mkae bila maafisa, hata kama ni chini ya mti, mkubaliane mambo mawili matatu, msiende na kumi. Na msiende mkiwa mnatupiana macho.

Kuhusu marupurupu nitasema kidogo tu, pokea, ni nauli yako na siku yako ya kazi imepotea. Lakini angalia ukiona umeanza kuuliza mkutano ni lini kabla hujauliza ni wa nini. Na zile picha za kupiga na wageni wa mradi, mimi nilipiga nyingi, ziko kwa simu.

Kumbukumbu za mkutano ziombe zisomwe. Kama ulisema na haikuandikwa hukusema. Nilikuwa na daftari langu la shilingi hamsini, naandika nani amesema nini na tarehe, na mara mbili liliniokoa kwa sababu mtu alisema hatukukubaliana hivyo nikafungua ukurasa. Hiyo kamati ni ya kushauri, haina nguvu ya kulazimisha mtu, wanaweza kukusikia na wakufanyie kinyume, kwa hivyo nguvu yako ni hilo daftari na watu walio nyuma yako. Ukitoka mkutano rudi kwa baraza, kwa kanisa, kwa grupu ya WhatsApp, waambie hata kama habari ni mbaya, hasa kama ni mbaya. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa aibu, wenzangu wakaamini nimenunuliwa.

Josho letu liliingia kwenye mpango wa mwaka wa pili na likatengenezwa mwaka wa tatu. Hapo pia nilijifunza kwa uchungu maana pesa ya kujenga ilikuwa fungu moja na pesa ya dawa ni fungu lingine, na sisi tulikuwa tumeomba ukuta, hatukuomba dawa. Likakaa tayari, limepakwa rangi, halina dawa miezi minne. Mwishowe tukaunda kamati ya josho, shilingi ishirini kwa kila ng'ombe, tukanunua wenyewe ya kwanza, na ya pili kaunti ikatoa kwa sababu mara hii tuliomba Agosti.

Siku ya kufungua nilipeleka ng'ombe wangu wote watano mapema. Yule wa kwanza alifika kwenye ukingo akanusa akakataa kuruka, tukamsukuma watu wanne, maana maskini amezaliwa na kukua hajawahi kuona josho.