Lazima nikubali kuki?

SWALI: Shikamoo dada. Nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa. Nikitaka kuagiza mifuko mtandaoni, tovuti ya duka inafunikwa na kidirisha: nikubali kuki zote. Nikikataa, haifunguki. Ni lazima?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kuki ni faili dogo ambalo tovuti huhifadhi kwenye simu yako. Inayokumbuka mifuko uliyochagua hadi ulipe, hiyo inahitajika. Ya kukufuatilia kwa matangazo haihitajiki kuuza mfuko hata mmoja, na kumfungia mteja mlango kwa ajili yake ni uonevu. Naliona hilo kila siku, na kitufe cha kukataa kimefichwa chini, kidogo kama punje. Kwa sheria ya Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu 2018, ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa. Wapigie, uagize kwa simu. Ukilazimika kukubali, ukishalipa futa kuki kwenye mipangilio ya kivinjari.