Kabla hujapitisha bajeti ya UKIMWI, omba takwimu za upimaji

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya kudhibiti UKIMWI ya halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini. Diwani au mtendaji unayeingia sasa, nakushauri usikubali kujadili jedwali la bajeti kabla mratibu wa UKIMWI wa halmashauri hajakuletea muhtasari wa rejesta za upimaji, bila majina ya watu.

Jedwali hunakiliwa. Mwaka jana semina, fulana na maadhimisho ya Desemba 1. Mwaka huu yale yale, tarakimu zimepanda kidogo. Sisemi kuna wizi, ni mazoea tu (ingawa posho za semina nazo zina watetezi wake).

Kwenye muhtasari, jumla ya waliopimwa isikulevye. Uliza katika kila mia, wangapi wamegundulika kuwa na virusi, wapi, na wana umri gani. Kwetu, kupima mnadani kulijaza fomu lakini waliogundulika walikuwa wachache. Kwenye makambi ya wapasua mbao na nyumba za wageni za barabara kuu, fomu zilikuwa chache, waliogundulika wengi. Mafuta ya gari tukayahamishia huko, na timu ikaanza kutoka jioni.

Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta kiwango cha maambukizi Njombe ni asilimia 12.7, Kigoma 1.7. Ndani ya wilaya moja pia kata hazilingani, kwa hiyo mgao wa "kila kata sawa" huwapendeza madiwani kuliko unavyozuia maambukizi.

Si kila kitu kinadai fedha. Tulikuwa na kasha la kondomu ukutani mwa zahanati inayofungwa saa tisa na nusu alasiri. Tulilihamishia baa ya jirani, na mhudumu wa kaunta akakubali kulijaza. Halijawahi kukaa limejaa wiki nzima.

Kinachodai fedha ni watu. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, watoa huduma ngazi ya jamii waliokuwa wanalipwa na miradi ndio waliotoweka kwanza vijijini. Posho zao ziingize kwenye mapato ya ndani, hata kwa kuanza na kata mbili zenye hali mbaya. Na hoja yenyewe ipeleke mapema, vikao vya kata vinapoanza kupanga, maana mwaka wa fedha huanza Julai 1 na ukisubiri hadi Mei utaambiwa mfumo wa bajeti umeshafungwa.