Kope kwanza, ulaini baadaye

SWALI: Shikamoo mzee. Nimepata lenzi ya Kirusi ya zamani, Helios 44-2, nikaifunga kwa adapta kwenye kamera yangu ya kidijitali. Nataka kuwapiga mabibi harusi kwa ulaini ule wa picha za studio za zamani. Nikifungua tundu la mwanga hadi f/2 uso unatoka kama umetikisika. Nikibana hadi f/5.6 kila kinyweleo kinaonekana. Lenzi ni mbovu, au ninunue filta ya ulaini?
Mpiga picha mchanga, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiilaumu lenzi bado. Ikuze picha hadi uone kope za jicho lililo karibu na kamera. Kama hazisomeki, ila hereni imekaa sawasawa, basi shabaha, yaani fokasi, ndiyo iliyokosewa. Ukisimama mita moja na lenzi hiyo ya milimita 58 kwenye f/2, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita tatu tu. Bibi harusi akivuta pumzi, jicho limeshatoka humo.

Ulaini wa kweli ni picha mbili zilizolaliana: moja kali, na juu yake nyingine ya mwanga uliotawanyika. Kwenye lenzi laini, miale inayopita ukingoni mwa kioo hukutana mahali tofauti na ile ya katikati. Ukibana tundu, ya ukingoni inazuiwa na ule mng'ao unapotea. Wajerumani wa Rodenstock waliunda lenzi ya Imagon kwa kazi hiyo hasa, na visahani vyake vyenye matundu ya kurekebishia ulaini. Helios yako ni ya ukoo mwingine: imetokana na lenzi ya Biotar ya Carl Zeiss, na watu huipendea majani ya nyuma yanayoonekana kama yanazunguka. Katikati yake ni kali hata kwenye f/2. Ulaini itabidi uuongeze mwenyewe.

Filta ya ghali iache. Nunua ya UV ya kawaida, milimita 49, uipake mafuta ya mgando pembeni kwa ncha ya kidole, katikati ubaki wazi. Usipake kioo cha lenzi chenyewe kamwe.

Mimi napenda zaidi stokingi nyeusi: kata kipande, kivute mbele ya lenzi, kaza kwa mpira. Iwe nyeusi, kwa sababu nyeupe hudaka mwanga na kuuchanganya na vivuli. Nilimpiga bibi harusi mmoja Pangani kwa stokingi nyeupe, na wanja wake wote ukageuka kijivu. Siku hiyo naikumbuka mpaka leo, maana macho yake yalikuwa ndiyo picha yenyewe.

Kwenye ngozi nyeusi, ulaini huu husambaza mng'ao wa jasho la kipaji cha uso ukawa doa kubwa jeupe, kwa hiyo mfute kwanza kwa kitambaa. Shela nayo usiiache ipigwe na jua la dirishani. Weupe wake utamwagikia shavuni.

Anzia kati ya f/2 na f/2.8. Fokasi ukiwa tayari kwenye tundu utakalopigia, kwa sababu lenzi laini huhamisha shabaha ukibana.

Jambo moja la huko pwani: imulike lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, hiyo ni kuvu, mpelekee fundi.

Kisha nitumie picha mbili za uso uleule, moja na stokingi, moja bila. Nataka kuziona kope.